Miaka Kumi Bila Kufungwa Nyumbani

Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba 2011, katika mkesha wa sikukuu ya Uhuru, uwanja wa Namboole ulifurika watu waliovaa nyeusi, manjano na nyekundu, rangi za bendera ya taifa. Timu ya taifa ya kandanda, ambayo wananchi huiita Korongo kwa heshima ya ndege aliyemo katika bendera hiyo, ilikuwa ikipambana na Kenya. Hesabu ilikuwa nyepesi mno hata kwa mtoto wa darasa la tatu. Uganda ilikuwa na pointi 10, Angola ilikuwa na pointi 9, na ushindi wowote ule, hata wa bao moja la kubahatisha, ungeipeleka Uganda katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2012. Tangu mwaka 1978 taifa lilikuwa halijafika huko.

Dakika 90 zikaisha bila bao upande wowote. Siku hiyo hiyo Angola ilishinda kule Guinea-Bissau mabao 2 kwa bila, ikafikisha pointi 12. Uganda ikabaki na 11.

Jambo la kushangaza ni kwamba Uganda haikufungwa siku hiyo. Haikuwa imefungwa katika uwanja huo, katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika wala za Kombe la Dunia, tangu tarehe 10 Oktoba 2004, Afrika Kusini iliposhinda bao 1 kwa bila. Wala haikufungwa hapo tena kwa miaka mingine mitatu baada ya Wakenya kwenda zao. Jumla yake ni miaka kumi kamili. Watoto waliozaliwa katika nyumba za askari wa Bombo na Naguru mwaka 2004 walifika darasa la nne bila kuona mgeni yeyote akiondoka Namboole na ushindi katika mashindano hayo mawili. Na katika miaka yote hiyo kumi, timu hiyo isiyofungwa nyumbani haikufuzu hata mara moja.

Uwanja wenyewe uko Bweyogerere, kiasi cha kilomita 10 mashariki mwa katikati ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Jinja. Ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 1997, na ukapewa jina la Nelson Mandela, ingawa mwenye teksi wa Kampala akiambiwa aelekee uwanja wa Mandela huenda akauliza kwanza kama ni Namboole. Watazamaji wapatao 45,000 hupata nafasi ndani yake. Kabla ya hapo mechi kubwa za taifa zilichezwa Nakivubo, uwanja uliotengwa kuwa ukumbusho wa watu wa nchi hii waliokufa katika vita vikuu. Watu wazima wengi bado wanaiona Nakivubo kuwa ndiyo nyumba ya kweli ya kandanda ya Uganda, kwa kuwa mtazamaji alikaa karibu na mchezaji kiasi cha kusikia anapotukanwa na mlinda mlango wake.

Lakini ni Namboole iliyozaa sifa ya kutofungwa. Kampala imejengwa katika vilima, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mgeni atokaye miji ya pwani kama Luanda huanza kuhema mapema. Yako pia makelele ya tarumbeta na ngoma ambayo hayapumziki tangu saa nne za asubuhi hata mchezo wa saa kumi za jioni ukamalizika. Juu ya hayo, mgeni huwa amefika baada ya safari ndefu, amelala katika kitanda asichokizoea na amekula chakula asichokijua. Kila timu ya Afrika hujivunia silaha hizi katika uwanja wake. Uganda ilizitumia vizuri kuliko wengi.

Orodha ya waliopita hapo ni ndefu. Mwezi wa Juni mwaka 2007 ilikuja Nigeria, yenye wachezaji waliokuwa wakilipwa mishahara mikubwa katika vilabu vya Ulaya. Ilifungwa mabao 2 kwa 1. Mwaka uliofuata Angola, iliyokuwa imecheza Kombe la Dunia nchini Ujerumani mwaka 2006, ilifungwa 3 kwa 1. Ikarudi mwaka 2010, ikafungwa 3 kwa bila. Kongo ya Brazzaville ilikuja mwaka 2012 ikiwa na faida ya mabao 3 kwa 1 iliyoyapata kwake, ikapigwa 4 kwa bila. Senegal iliponea kwa sare ya bao 1 kwa 1.

Katika miaka hiyo timu ilipitia mikono ya makocha mbalimbali, miongoni mwao Mhungaria Csaba László, Mskoti Bobby Williamson aliyekaa kwa takriban miaka mitano, na Mserbia Milutin Sredojević, ambaye watu wote humwita Micho. Nahodha kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho alikuwa Ibrahim Sekagya, mlinzi aliyekuwa akicheza Austria. Mlangoni alisimama Denis Onyango. Mbele alikuwapo David Obua, kijana mrefu ambaye jina lake liliwagusa hasa polisi, kwa kuwa baba yake, Denis Obua, aliichezea timu ya Polisi na timu ya taifa, kisha akawa mwenyekiti wa chama cha kandanda cha nchi.

Ni haki kusema pia kwamba vikombe havikukosekana kabisa. Chini ya Williamson, Uganda ilitwaa kombe la Chalenji la nchi za Afrika Mashariki na Kati mara nne. Hata hivyo, mtu akiuliza katika kituo cha basi ni nini watu wanachokikumbuka kutoka enzi hiyo, atatajiwa Kenya ya mwaka 2011 kabla hajamaliza swali lake.

Je, timu isiyofungwa nyumbani yawezaje kukosa? Hapo ndipo panapohitaji kalamu na karatasi, na baba mwenye nyumba anaweza kuifanya hesabu hii pamoja na watoto wake mezani baada ya chakula. Kundi la timu nne humpa kila mmoja mechi sita, tatu nyumbani na tatu ugenini. Ushindi ni pointi 3, sare ni pointi 1. Mwenye kushinda mechi zake zote za nyumbani anapata pointi 9, wala hapana njia ya kupata zaidi. Pointi 9 zinaonekana nyingi zikiandikwa peke yake. Katika makundi ya Afrika, mara chache sana zinatosha.

Tazama mwaka 2008. Uganda ilikuwa kundi moja na Benin, Angola na Niger, katika mashindano yaliyoamua wakati huo huo njia ya Kombe la Dunia na ya Kombe la Afrika la mwaka 2010. Nyumbani iliwafunga wote watatu: Niger 1 kwa bila, Angola 3 kwa 1, Benin 2 kwa 1. Hakuna timu ingeweza kufanya vizuri kuliko hivyo. Ugenini ilipigwa 4 kwa 1 na Benin, ikatoka sare na Angola, kisha ikaenda Niger, timu iliyoshika mkia wa kundi, ikafungwa 3 kwa 1. Benin ilimaliza na pointi 12, Angola 10, Uganda 10. Katika pointi 10 hizo, 9 zilipatikana Namboole na 1 tu nje ya mipaka. Sare moja zaidi kule Niger ingeiweka Uganda juu ya Angola, na ushindi ungeiweka juu ya wote.

Mwaka uliotangulia mambo yalikuwa yale yale. Nyumbani Lesotho, Nigeria na Niger wote walifungwa, pointi 9 zikaingia ghalani. Ugenini zilipatikana sare mbili za 0 kwa 0, moja Niger na nyingine Lesotho, nchi ndogo yenye milima ambayo Uganda ilikuwa imeifunga mabao 3 kwa bila kwake. Jumla ikawa pointi 11, nafasi ya pili nyuma ya Nigeria. Washindi wa pili walipolinganishwa kutoka makundi yote, Uganda ikaachwa nje.

Mtu mwenye kupenda kandanda bila kuipima atasema ni bahati mbaya. Neno hilo lilisikika sana katika miaka hiyo, katika redio na katika vibanda vya kutazamia mpira, na pengine lilifanya madhara. Sifa ya kutofungwa Namboole ilikuwa ya kweli, lakini iligeuka kuwa mto wa kulalia. Kila mara timu iliporudi na kichapo kutoka ugenini, watu walisema, "Waje kwetu." Nao wakaja, wakafungwa, wakarudi kwao, wakafuzu.

Majirani walikuwa wakionyesha jambo jingine. Mwaka huo huo wa 2004, klabu ya Arsenal ya London, ambayo ina wapenzi wengi Kampala kuliko klabu kadhaa za Kampala yenyewe, ilimaliza msimu wa ligi ya Uingereza kwa mechi 38 bila kufungwa: ushindi 26 na sare 12. Nusu ya mechi hizo zilichezwa kwa wenyeji wengine. Nairobi, Gor Mahia ilikwisha kufanya hivyo katika ligi ya Kenya mwaka 1976, na ikarudia mwaka 2015. Azam ya Dar es Salaam ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wa 2013 na 2014 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Sifa za timu hizo hazikutegemea mlango wa nyumba moja.

Baada ya Kenya, kilichofuata kilikuwa kichungu zaidi. Mwaka 2012 mashindano ya kufuzu yalichezwa kwa njia ya mtoano, nyumbani na ugenini, na Uganda ikapangiwa Zambia, ambayo miezi michache tu kabla ilikuwa imetawazwa bingwa wa Afrika. Kule Ndola, Zambia ilishinda bao 1 kwa bila. Mchezo wa marudiano ulichezwa Namboole tarehe 13 Oktoba, siku nne baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Geoffrey Massa akafunga, na matokeo ya mechi zote mbili yakawa sawa. Kukawa hapana budi ila mikwaju ya penalti.

Mikwaju mitano ya kila upande haikutosha kuamua. Wakaingia walinzi, wakaingia wasiozoea. Askari waliopangwa zamu kuzunguka uwanja, ambao kazi yao ni kuwatazama watu na kuupa mchezo kisogo, hawawezi kulaumiwa kama siku hiyo baadhi yao waligeuka. Zambia ikashinda kwa penalti 9 dhidi ya 8. Katika vitabu vya kumbukumbu mchezo huo umeandikwa ushindi wa Uganda wa bao 1 kwa bila, kwa sababu penalti za kuamua hazihesabiwi kuwa sehemu ya mchezo. Kwa hiyo hata hapo sifa ya kutofungwa ikasalia. Watu wakarudi mjini kwa miguu kando ya barabara ya Jinja, wakiwa na timu ambayo haikufungwa na isiyokwenda popote.

Miezi mitano baadaye Uganda ilifungwa 2 kwa bila na Liberia mjini Monrovia, katika mechi za Kombe la Dunia, na Williamson akaondolewa. Micho akachukua nafasi yake. Liberia walipokuja Namboole mwezi wa Juni mwaka 2013 walifungwa, kama ilivyotarajiwa. Angola nao wakafungwa. Kisha ikabidi kwenda kucheza na Senegal, mchezo uliofanyika Marrakech, nchini Morocco, na Uganda ikafungwa bao 1 kwa bila. Njia ikafungwa tena.

Mwisho wa sifa ile ulifika mwezi wa Oktoba mwaka 2014, miaka kumi tangu ziara ya Afrika Kusini. Togo, timu ambayo haikuhesabiwa kuwa tishio kubwa kuliko Ghana au Guinea katika kundi lile, ilikuja Namboole ikashinda bao 1 kwa bila. Siku chache baadaye ikashinda tena kwake kwa idadi ile ile. Mwezi uliofuata Uganda iliifunga Ghana hapo hapo Namboole, lakini ilimaliza kundi ikiwa na pointi 7 na haikufuzu.

Waliokuwapo siku ya Togo walitoka wakiwa kimya. Hata hivyo, matokeo ya mashindano yaliyofuata yanalazimisha mtu afikiri kama kipigo kile hakikuwa na faida yake. Kwa Kombe la Afrika la mwaka 2017, Uganda iliwekwa na Burkina Faso, Botswana na Comoro. Nyumbani ilishinda mbili na kutoka sare moja, ile ya Burkina Faso: pointi 7. Huko nyuma, katika makundi mawili iliyoyakosa, ilivuna nyumbani pointi 9. Kwa kipimo cha Namboole, hii ilikuwa timu dhaifu kuliko ile ya mwaka 2008.

Tofauti ilikuwa katika safari. Mwezi wa Septemba 2015 timu ilikwenda Comoro, ikashinda bao 1 kwa bila. Mwezi wa Juni 2016 ikaenda Botswana, ikashinda 2 kwa 1. Ni Burkina Faso peke yake iliyoifunga. Pointi 6 za ugenini: zaidi ya zile zilizopatikana ugenini katika kundi la 2007 na la 2008 zikijumlishwa pamoja. Hakuna aliyeandika nyimbo kuhusu mchezo wa Moroni, na wengi hawakuuona, ila safari ile ya visiwani iliingiza kile ambacho Namboole haikuweza kuingiza kwa miaka kumi.

Ikabaki mechi ya mwisho, Comoro tena, tarehe 4 Septemba 2016, Jumapili. Kwa mara nyingine uwanja ulijaa, na kwa mara nyingine ushindi tu ndio uliotakiwa. Waliokumbuka Kenya walikuwa wengi, na mtu angeweza kuwatambua kwa namna walivyokaa. Katika kipindi cha kwanza Farouk Miya akafunga. Likawa bao la pekee. Uganda na Burkina Faso wote wakamaliza na pointi 13, Burkina Faso wakiongoza kundi, na Uganda ikaingia kama mmoja wa washindi wa pili bora wawili. Huyo mwingine alikuwa Togo.

Kwa wale waliokuwa watu wazima mwaka 1978, jioni hiyo ilikuwa na uzito wake. Walikuwa wameisikiliza redio mwezi wa Machi mwaka ule, wakati timu ya nahodha Jimmy Kirunda, iliyokuwa na Phillip Omondi kwenye ushambuliaji, ilipoifunga Nigeria 2 kwa 1 katika nusu fainali huko Ghana, kisha ikafungwa na wenyeji 2 kwa bila katika fainali. Wengine walikumbuka nyuma zaidi, mwaka 1972, timu ya jeshi, Simba, ilipofika fainali ya klabu bingwa ya Afrika na kushindwa na Hafia ya Guinea. Wajukuu walikuwa wakisikia habari hizo kama wanavyosikia habari za wafalme wa kale.

Uwanja wa Namboole wenyewe ulichakaa baadaye. Ulikosa sifa za kuchezewa mechi za kimataifa, hata ikafika mwaka 2023 Uganda ikalazimika kucheza mechi zake za "nyumbani" katika nchi nyingine, jambo ambalo lingemchekesha mtu wa mwaka 2010 kama asingelia. Kikosi cha uhandisi cha jeshi la UPDF ndicho kilichokabidhiwa kazi ya kuukarabati, na mwaka 2024 timu ya taifa ikarudi hapo. Uganda, Kenya na Tanzania zimepewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027.

Kule Gabon, mwezi wa Januari mwaka 2017, Korongo walifungwa na Ghana bao 1 kwa bila. Walifungwa pia na Misri kwa idadi hiyo hiyo, bao likiingia dakika za mwisho kabisa. Katika mchezo wa tatu walitoka sare ya 1 kwa 1 na Mali, wakarudi nyumbani. Bao hilo lilifungwa na Farouk Miya, na lilikuwa la kwanza kwa Uganda katika fainali hizo tangu lile la kuitoa Nigeria, miaka 38 na miezi kumi nyuma.